Kipanga, kilaza na mtu wa bumu: mapitio ya Mlimani kwa anayejiandaa kuripoti

Mkeka wa udahili ukishatoka, kabla hata fomu za kujiunga hazijajazwa, mwanafunzi mpya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anakuwa ameshapewa sifa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Mlimani. Akienda Uhandisi anaambiwa ajiandae kuishi bila usingizi. Akienda Sheria anaambiwa atafute suti na ajifunze ubishi. Akipangiwa Ualimu, jirani anampa pole. Akichagua Kiswahili, shangazi anauliza kuna haja gani ya kusomea lugha aliyoizungumza tangu utotoni. Tumezipima sifa hizo kwa kuziweka kando ya huduma zenyewe: ratiba, kumbi, mabweni, maktaba, bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) na namna alama zinavyokokotolewa. Tulichokiona ni kwamba nyingi zina chembe ya ukweli, na karibu kila mara chembe hiyo inatokana na ratiba, jengo au pesa. Mhamishe mwanafunzi kozi na bweni, muhula mmoja tu ukipita atakuwa na sifa nyingine kabisa.

Wa Uhandisi ndio wenye sifa nzito kuliko wote: hawalali, hawaongei na watu, hawana muda wa kufua. Hiyo ya kulala ni kweli kwa kiasi. Shahada ya uhandisi ni ya miaka minne, na juu ya mihadhara ya kawaida kuna maabara, michoro na karakana. Pindi la saa moja la historia likiisha limeisha. Jaribio la maabara likiisha ndiyo kwanza kazi inaanza, maana inafuata ripoti yenye lengo, nadharia, vifaa, hatua, jedwali la vipimo, grafu, makosa ya upimaji na mjadala. Ripoti ndiyo inayokula usiku.

Tazama inapoharibikia. Kundi la watu watano linamwachia mmoja aandike vipimo. Naye, kwa haraka ya kumaliza, anaandika 4.2, 4.7, 5.1 bila kizio. Saa nne usiku wenzake wanapokaa kuchora grafu, hakuna anayekumbuka kama zile zilikuwa milimita au sentimita, na mstari uliotakiwa kunyooka unapinda. Wanapika namba ili unyooke. Msahihishaji anazitambua namba zilizopikwa kwa urahisi kwa sababu zimekaa sawa mno, hazina hata ile tofauti ndogo ambayo kila kipimo halisi huwa nayo, na alama zinakatwa. Dawa yake ni ya dakika moja: andika kizio kwenye kichwa cha kila safu kabla ya kipimo cha kwanza, rudia kila kipimo mara tatu, kisha kila mwanakundi apige picha jedwali kabla ya kutoka maabara. Kundi linalofanya hivyo linalala mapema. Lisilofanya ndilo linalowapa wenzao wote jina.

Kwamba hawaongei, hapana. Kazi zao nyingi ni za makundi, na mradi wa mwaka wa mwisho lazima autetee mwanafunzi mwenyewe mbele ya jopo. Kinachowafanya waonekane wapweke ni kalenda: likizo ndefu, wenzao wakiwa nyumbani, wao wana wiki nane za mafunzo kwa vitendo viwandani na kwenye miradi. Wanaotoka kwenye mafunzo hayo moja kwa moja hadi kwenye mihadhara wana haki ya kuonekana wamechoka. Mzazi mwenye mtoto huko ajue pia kwamba wiki hizo nane zina nauli, buti za usalama na chakula cha ugenini. Mkopo una fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini wasiolipata wanajikuta wanatafuta sehemu ya mafunzo kwa kufuata walipo ndugu zao badala ya kufuata fani, na hapo ndipo mwanafunzi wa mitambo anapomaliza wiki zote nane akipanga mafaili.

Ualimu unapewa pole bila sababu. Dhana ni kwamba wa Ualimu ni wale waliokosa kozi, na kwamba masomo yao ni mepesi. Mwanafunzi wa shahada ya ualimu anabeba masomo mawili ya kufundishia, tuseme Jiografia na Historia, au Hisabati na Fizikia, na juu yake masomo ya elimu yenyewe: saikolojia, mitaala, upimaji, mbinu za kufundisha. Masomo mawili maana yake idara mbili, na idara mbili maana yake ratiba inayomrusha kutoka kona moja ya chuo hadi nyingine ndani ya dakika kumi. Wingi wao ni kweli, na ni mkubwa kiasi kwamba mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu, DUCE pale Chang'ombe na MUCE Iringa. Wingi huo ndio unaozaa sifa yao nyingine, ile ya kugombea viti. Ukumbi ukijaa, anayechelewa anasimama mlangoni au anasikiliza dirishani. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ambaye pindi lake la kwanza ni saa moja asubuhi awe ukumbini saa moja kasoro robo, na akae theluthi ya mbele, kwani kipaza sauti kikigoma safu za nyuma hazipati kitu. Anayewahi kiti anaitwa mshamba kwa wiki mbili hivi. Wiki ya tatu waliokuwa wanamcheka wanaomba daftari lake.

Lipo somo moja linalodharauliwa zaidi ya yote, na hapa tutakaa kidogo. Kiswahili.

Sifa ya wanafunzi wa TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ni mbili: wamefuata mteremko, na Kiingereza kimewashinda. TATAKI iliundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha Idara ya Kiswahili na TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 na ambayo mizizi yake inarudi hadi kwenye Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Katika chuo ambacho karibu kila kitu kinafundishwa kwa Kiingereza, hapa mhadhara, semina na mtihani ni Kiswahili. Mteremko uko wapi, sasa? Chukua neno moja la kawaida kabisa, «hatutampigia», na umwambie mzawa alichanganue. Kwanza anagawa silabi: ha-tu-ta-m-pi-gi-a. Saba. Kisha anaulizwa mofimu, naye kwa kuwa ameshahesabu saba anaandika mgawanyo uleule. Amekosa. Mofimu nazo ni saba, ila mipaka yake ni mingine: ha- ya ukanushi, -tu- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -m- ya mtendwa, -pig- ambao ndio mzizi, -i- ya kauli ya kutendea, na -a ya mwisho. Hesabu inalingana, mkato haulingani. Maswali ya namna hii ndiyo yanayowaangusha wazungumzaji hodari, kwa sababu sikio linasikia silabi na kamwe halisikii mofimu. Anayeingia na kiburi cha «hii ni lugha yangu» anakutana na sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza.

Kuhusu Kiingereza, mambo ni kinyume cha yanayosemwa. Nadharia nyingi za isimu zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mwanafunzi anasoma kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine, huku akitafuta istilahi inayokubalika. Ni kazi mbili kwa bei ya moja. Ushauri wa vitendo: tengeneza daftari la istilahi tangu wiki ya kwanza, safu tatu, yaani istilahi, maana kwa maneno yako, na mfano wa neno la Kiswahili. Kufikia mwisho wa muhula litakuwa na mamia ya maneno na litakuokoa kuliko desa lolote, yaani muhtasari wa kusomea unaopitishwa mkono kwa mkono.

Wa Sheria wanajiona wenye chuo, na kihistoria wana pa kusimamia: chuo kilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu, cha Sheria, kikiwa na wanafunzi wasiofika 15, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mlimani kilihamia 1964. Suti zinatokana na mahakama za mfano, ambako mwanafunzi anasimama kama wakili. Ubishi ni zana ya kazi. Ila wanaofeli Sheria hawafeli kwa kukosa ubishi. Wanafeli kwa kusimulia kesi nzima, nani alimpiga nani, badala ya kuonyesha kanuni ambayo mahakama iliitumia kuamua na kuipeleka kwenye tatizo lililo mbele yao.

Inakuja sifa ambayo haistahili kuchekewa hata kidogo, ile ya kwamba msichana mwenye alama kubwa amebebwa. Mlimani ina historia chungu kwenye jambo hili. Kwa miaka mingi palikuwa na kitu kikiitwa Mzee Punch, michoro na maandishi yasiyo na jina la mwandishi yaliyobandikwa ukutani. Kilisemekana kuwa utani wa kuwakosoa wakubwa, kikageuka fimbo ya kuwadhalilisha wanafunzi wa kike, hasa waliokataa kutongozwa. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kunyanyaswa, na Mzee Punch akapigwa marufuku. Karatasi za ukutani ziliondoka. Maneno yamehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa, na CR, yaani kiongozi wa darasa, anayeyaacha yapite anafanya kosa lilelile la waliokuwa wakisimama kusoma ukuta.

Ukweli wenyewe ni rahisi kuuona. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kumekuwa na programu za maandalizi kwa wasichana wanaoingia sayansi, na baadaye uhandisi. Programu hizo zinamfikisha mlangoni. Akishaingia, mtihani ni ule ule, chumba ni kile kile, na kwenye kijitabu cha majibu anaandika namba badala ya jina. Na pale ambapo mwalimu anataka ngono ili atoe alama, jina lake ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja, na TAKUKURU inapokea simu bure kwa namba 113. Anayeombwa ndiye mwathirika. Ahifadhi ujumbe, asifute chochote, asiende peke yake ofisini jioni, na aripoti kabla matokeo hayajatoka.

Sifa za makabila na mikoa zinaendelea kuishi mabwenini, nyingi zikiwa katika sura ya utani: Mhaya nshomile, Mchaga na pesa, na kadhalika. Zamani zilikuwa na sababu ya kuonekana kweli. Misheni zilifungua shule mapema Kilimanjaro na Bukoba, kahawa ikalipa ada, na miaka ya mwanzo watoto wa huko walionekana wengi vyuoni kupita idadi ya watu wao. Kuanzia 2004 shule za sekondari za kata zilipoenezwa nchi nzima, mlango ulipanuka. Leo chumba kimoja kinaweza kuwa na mtu wa Tandahimba, wa Ngara, wa Mbulu na wa Temeke, na mabishano yao makubwa yanahusu zamu ya kufagia na nani kaacha pasi kwenye umeme. Wazanzibari wanasemwa kuwa hawachanganyiki. Wengi wao wanafadhiliwa na bodi yao ya mikopo ya Zanzibar, hivyo pesa zao hazifuati kalenda ya wenzao, na boti ya kwenda nyumbani ni ya saa chache. Mtu ambaye Ijumaa jioni anaweza kula kwa mama yake ataonekana bwenini mara chache, na hakuna ajabu hapo. Utani wa kabila ni mali yetu na hatuna nia ya kuufukuza, ila una mipaka yake: unataniana na anayekutania. Kumcheka mtu kwa sababu anabadilishana r na l wakati anawasilisha semina siyo utani, ni kumfunga mdomo kwa muhula mzima.

Waliotoka shule za Kiingereza tangu chekechea wanaaminiwa kuwa ndio watakaofaulu. Muhula wa kwanza, kwenye semina, inaonekana hivyo, kwa sababu wao huongea kwanza. Mtihani hauna kuongea. Istilahi za fani ni ngeni kwa wote wawili, na aliyetoka shule ya kata akiichukulia kwa uzito kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, pengo linapungua kila muhula.

Sasa bumu. Hakuna sifa inayorudiwa mitaani kama hii: wanachuo wakipata bumu wanafuja wiki moja, kisha wanakula mkate mkavu mwezi mzima. Wapo wa namna hiyo. Lakini wengi wanaolala na njaa hawakufuja kitu, na hesabu inaonyesha. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Ikitoka kwa siku 60 ni shilingi 600,000. Mwanafunzi aliyekosa bweni anatafuta geto Changanyikeni, Makongo, Msewe au Savei. Tuseme chumba ni 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba wa Dar hapokei mwezi mmoja, anataka sita, yaani 420,000. Zinabaki 180,000 kwa siku 60, sawa na 3,000 kwa siku, ambazo ndani yake kuna chai, wali maharage, kuchapa kazi stesheneri, nauli na bando. Huyu ataonekana mtu wa kukopa kopa kufikia wiki ya tatu, naye hajanunua hata kiatu. Mwenzake aliyepata chumba ndani ya chuo, kwa bumu lile lile, anaonekana ana nidhamu ya pesa. Tofauti yao ni kitanda.

Ndiyo maana kitanda ni huduma ya kupigania kabla ya mengine yote. Mabweni yanayoitwa ya Magufuli, yaliyofunguliwa Aprili 2017, ni majengo 20 yenye nafasi 3,840, wastani wa watu 192 kwa jengo. Kwa chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, hata ukijumlisha mabweni ya zamani na hosteli ya Mabibo, vitanda havitoshi. Omba mara tu maombi yanapofunguliwa, usingoje kufika. Lipa kwa namba ya malipo uliyopewa wewe, usitumie ya rafiki, na hifadhi risiti. Anayekuambia anaweza kukuuzia nafasi mkononi anakuibia.

Vivyo hivyo kwenye bumu lenyewe. Pesa huchelewa kwa sababu ndogo ndogo: majina kwenye akaunti ya benki hayafanani na yale ya usajili, namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja, au mwanafunzi hakusaini kwa wakati. Ya kutosaini ndiyo mbaya, kwa kuwa fedha zisizosainiwa zinarudishwa Bodi na kuzirejesha ni safari ya maofisini. Fungua akaunti kwa majina matatu kwa mpangilio ule ule ulio kwenye cheti cha kidato cha nne.

Mabibo wana sifa ya starehe. Mabibo iko nje ya chuo, karibu na maisha ya mjini, na hilo linatosha kuwapa jina. Kinachowatofautisha kweli ni daladala. Mwenye pindi saa moja asubuhi anaamka saa kumi na moja, na usiku anakatisha majadiliano mapema ili apate gari. Foleni ya Ubungo ilipungua tangu daraja la juu la Kijazi lifunguliwe mwaka 2021, lakini kupanda gari asubuhi bado ni mieleka. Mtu wa Mabibo anayesinzia saa mbili asubuhi huenda hakucheza muziki wowote jana yake.

Kuhusu kipanga, yaani mwenye akili nyingi darasani, na kilaza, asiye nazo, tuna mengi ya kusema, kwa sababu ndiyo sifa inayoumiza kuliko zote na ndiyo inayopimika kwa urahisi kuliko zote. Inaaminika kwamba GPA (wastani wa pointi za kozi zote) ya daraja la kwanza ni ya vipaji vya kuzaliwa, hasa waliotoka Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Tabora. Angalia hesabu. Daraja la kwanza linaanzia 4.4 kati ya 5. A ni alama 70 na kuendelea na inahesabiwa pointi 5, B+ ni 60 hadi 69 kwa pointi 4. Ukiwa na kozi tano zenye uzito sawa, A mbili na B+ tatu zinakupa pointi 22, gawa kwa tano, 4.4 kamili. Hauhitaji kupata 90 kwenye chochote. Unachohitaji ni kutokuwa na shimo. C moja, ambayo ni pointi 2, inahitaji A nne pembeni yake ili ubaki kwenye mstari huohuo. Kipanga wa kweli, kwa hiyo, ni yule ambaye kozi yake mbovu kabisa ina 60. Wengi wanaoitwa vipanga kwa kupata 88 kwenye kozi moja wanapitwa kimyakimya na mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Halafu kuna mgawanyo wa 40 kwa 60: kazi za muhula 40, mtihani wa mwisho 60. Mwenye 28 kati ya 40 anahitaji 42 kati ya 60 afike 70. Mwenye 20 anahitaji 50 kati ya 60, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Hapa ndipo hadithi ya «yeye hasomi, anadesa wiki ya mwisho na anafaulu» inapovunjika. Ukimfuatilia utakuta mazoezi yake yote yalikusanywa na majaribio yote mawili aliyafanya. Desa lilimsaidia kutoka 64 hadi 70. Asiye na kazi za muhula, desa linamtoa 31 na kumpeleka sapu. Wanaodisko nao, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, mara nyingi kinachowaangusha si akili: kuna kazi ya kundi waliyobebwa bila kuielewa, jaribio walilokosa wakiwa wagonjwa na hawakupeleka cheti cha daktari kwa wakati, au kozi walizosahau kuzisajili kwenye mfumo. Hakiki usajili wako wiki ya pili. Chukua picha ya skrini.

Wazee mitaani bado wanasema Mlimani ni migomo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Mwalimu Nyerere siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mishahara ya wakubwa kuanzia wake mwenyewe. Machi 1978 waliandamana tena, safari hii dhidi ya marupurupu ya wanasiasa, wakafukuzwa kwa mamia. Hapa ndipo alipofundisha Walter Rodney na ndipo Yoweri Museveni alipomaliza mwaka 1970. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli katika zama ambazo serikali ilimgharimia kila mtu sawa. Baada ya uchangiaji wa gharama miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo kuanza kazi mwaka 2005, kila mmoja ana asilimia yake. Kwa maoni yetu hili limeizima migomo kuliko askari yeyote: bumu likichelewa, chumba kimoja kina mwenye mkopo kamili, mwenye nusu, na asiye na kitu, na watatu hao hawaamki na hasira moja.

Imebaki sehemu ya kusomea, ambako nako kuna makabila yake. Watu wa maktaba wanaitwa wachoyo, watu wa vimbweta wanaitwa wapiga soga. Maktaba mpya, iliyofunguliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China, inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni nyingi muhula ukianza, ni chache wiki mbili kabla ya mitihani. Wiki hizo ukifika saa tatu umechelewa. Kwa utafiti wa Afrika Mashariki, hasa machapisho ya zamani ambayo hayapo mtandaoni, omba msaada wa wakutubi ufike kwenye mkusanyiko wa East Africana. Nenda na orodha ya unachotaka, maana ukienda na mada tu utapoteza siku.

Kimbweta, kwa msomaji asiyekijua, ni meza ya zege na mabenchi yake ya zege, vimejengwa palepale chini ya miti. Hakuna kibali wala kadi. Mvua ndiyo adui wa kwanza, mbu wa pili. Kundi likizidi watu sita linageuka kuwa mhadhara wa mtu mmoja. Likiwa na wawili, mmoja akikata tamaa kikao kimekufa. Wanne au watano ndiyo idadi inayofanya kazi, kila mmoja akiwa amelipiga msuli swali lake la mtihani wa zamani kabla ya kuja, na anayekuja mikono mitupu anasikiliza tu bila kunakili. Mtaona kundi lililokaa hivyo saa tatu usiku chini ya taa: wa Uhandisi anamweleza wa Ualimu grafu, wa Ualimu anamrekebishia sentensi za ripoti. Fika kabla giza halijaingia, kwani vimbweta vyenye taa karibu huisha mapema, na beba kitambaa cha kukalia. Zege la jioni lina baridi hata Dar.